Kompyuta ni Karani, Naye Karani Ahitaji Shahidi

(Haya ni maelezo ya hotuba iliyotolewa mbele ya wafanyabiashara na wafanyakazi wa maofisini.)





Tumeombwa tuzungumze juu ya programu za kompyuta zinazotumika katika biashara na maofisi, jinsi zinavyotunzwa na jinsi watumishi wanavyofundishwa kuzitumia. Twajua kwamba kichwa cha namna hii huwafanya wengi wasinzie, maana hudhani kuwa ni habari ya mafundi na nyaya zao. La hasha! Hii ni habari ya amana na ya haki, na katika maelezo yetu mtasikia juu ya watu waliotiwa gerezani kwa sababu ya kuketi mbele ya mashine ambayo wakubwa wao waliiamini kuliko walivyowaamini wao.

Yafaa tukumbuke kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, aya ya deni katika Sura Al-Baqarah, inahusu jambo hili hili la kuandika hesabu. Humo imeagizwa deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, pawepo na mashahidi, tena mwenye kuandika na mwenye kushuhudia wasipatwe na madhara kwa ajili ya kazi hiyo. Kwa hiyo kuwepo kwa maandishi peke yake hakukutosha. Maandishi yalihitaji macho ya watu walioliona jambo lenyewe.

Siku hizi kazi ya karani imekabidhiwa kompyuta. Mauzo ya duka, mali ya bohari, mishahara ya watumishi na ada za wanafunzi, vyote vyaingizwa katika programu. Zamani karani alikuwa mtu, na ulipomtilia shaka ulimwita, ukamwuliza, ukafungua daftari lake na kuona mahali alipokata kwa wino. Kompyuta haikati kwa wino. Ikikosea, hukosea kwa maandishi safi na safu zilizonyooka, na kwa sababu hiyo kosa lake huaminika upesi. Hatujui mfano unaoonyesha hatari hii waziwazi kuliko habari ya Posta ya Uingereza na programu yake iitwayo Horizon, na kwa kuwa wengi hapa wameisikia juu juu tu, tutaieleza kwa kirefu kidogo.

Katika nchi ya Uingereza matawi mengi ya Posta, hasa ya vijijini, hayaendeshwi na waajiriwa wa Posta bali na mawakala. Wakala huwa ni mtu mwenye duka lake la magazeti au vyakula, naye hutenga sehemu ya duka kuwa kaunta ya Posta, ambapo huuza stempu, hupokea malipo na hulipa pensheni za wazee. Fedha iliyomo si yake, na mkataba wake ulimfanya awajibike kwa upungufu uliotokana na uzembe au makosa yake. Kwa miaka mingi mawakala hao waliandika hesabu zao kwenye karatasi. Kuanzia mwaka 1999 Posta ilianza kuwapelekea mfumo wa kompyuta wa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo ilikuwa mali ya Fujitsu ya Japani.

Tangu mwanzo baadhi ya mawakala walianza kuona mambo yasiyoeleweka. Jioni wakala alihesabu fedha sandukuni, akailinganisha na kioo cha kompyuta, akaona kompyuta inasema pangepaswa kuwa na fedha zaidi. Leo pauni mia mbili, juma lijalo elfu mbili. Alipohesabu tena, alipata jibu lile lile. Alipompigia simu mtu wa huduma ya msaada, wengi wameeleza kwamba waliambiwa hakuna wakala mwingine mwenye shida hiyo isipokuwa wao. Neno hili halikuwa kweli, maana waliokuwa wakipiga simu walikuwa wengi. Lakini kila mmoja alikuwa peke yake kijijini mwake na hakuwa na njia ya kujua hivyo.

Hapa twaomba msikilize kwa makini jinsi mfumo ulivyofanya kazi, kwa sababu ndani yake mna somo kubwa kuliko yote. Kila mwisho wa kipindi cha hesabu wakala alitakiwa kufunga hesabu ili tawi liweze kufunguliwa kwa kipindi kipya. Kama palikuwa na upungufu, kioo kilimpa njia za kukubali, yaani alipe papo hapo kwa fedha yake, au baada ya mwaka 2005 aukubali upungufu na uhamishiwe makao makuu, ambako angedaiwa. Hapakuwa na kitufe cha kusema, "Siukubali upungufu huu, naomba uchunguzwe." Hivyo mtu mwaminifu aliwekwa katika dhiki ya ajabu. Asipokubali, kaunta haifunguki na wazee wa kijiji hawapati pensheni zao. Akikubali na hana fedha ya kulipa, ametia sahihi hesabu isiyo ya kweli, na Posta ilimshtaki kwa kosa la kughushi hesabu.

Na Posta ilishtaki kweli kweli. Katika nchi hiyo shirika laweza kufungua kesi ya jinai lenyewe bila kupitia polisi, na Posta ilikuwa na wachunguzi wake na wanasheria wake. Kati ya mwaka 1999 na 2015 mawakala zaidi ya 900 walishtakiwa, na wapatao 700 kati yao walishtakiwa na Posta yenyewe. Mwanamke mmoja, Seema Misra, wakala wa huko Surrey, alihukumiwa kifungo mnamo Novemba 2010 akiwa mjamzito. Wengine waliuza nyumba zao, wengine waliazima fedha kwa wazazi wao, na wengine walitengwa na majirani kwa sababu kijiji kizima kiliamini kwamba wameiba fedha za wazee. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Wyn Williams ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake Julai 2025, ikaeleza kwamba huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mkasa huu.

Tumtazame mmoja wao, Lee Castleton, aliyenunua duka lenye kaunta ya Posta huko Bridlington mwaka 2003. Upungufu ulipoanza kujitokeza alipiga simu ya msaada mara 91. Ndugu zetu, mwizi hapigi simu mara 91 kuomba aje mtu akague sanduku aliloliibia! Hata hivyo Posta ilimpeleka mahakamani kumdai pauni zipatazo 25,000. Hakuwa na uwezo wa kumlipa wakili, akajitetea mwenyewe, na mwaka 2007 alishindwa na kuamriwa alipe gharama za kesi pauni 321,000. Akafilisika.

Je, kosa lenyewe lilikuwa nini? Hayakuwa moja. Lakini lipo moja ambalo kila mtu aliyewahi kutumia kompyuta yenye kusuasua atalielewa mara moja. Mwaka 2015, katika mji mdogo wa Dalmellington huko Scotland, wakala alikuwa akiingiza kwenye mfumo pauni 8,000 kwa ajili ya kaunta ndogo ya eneo jingine. Akabonyeza kitufe cha kuthibitisha, kioo kikaganda. Akabonyeza tena, na tena. Mfumo ukaandika pauni 8,000 mara nne, na papo hapo ukaonekana upungufu wa pauni 24,000 za fedha ambayo haikuwapo kamwe. Baadaye ilifahamika kwamba kasoro hiyo hiyo ilikwisha kuyapata matawi mengine mara nyingi kwa miaka kadhaa kabla ya siku hiyo. Kadhalika ilithibitika kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za tawi wakiwa mbali na kuzibadilisha bila wakala kujua, jambo ambalo Posta ilikuwa imelikana kwa miaka mingi.

Mtu atauliza, mahakama zilikuwa wapi? Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984, katika kifungu chake cha 69, ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kifungu hicho kilifutwa, na tangu mwaka 2000 mahakama zilirudi kwenye kanuni kwamba kompyuta yachukuliwa kuwa ni sahihi mpaka mtu aonyeshe vinginevyo. Basi muuza magazeti wa kijijini alitakiwa athibitishe kasoro ya programu ambayo hakuruhusiwa hata kuiona ndani yake. Kwa maoni yetu kanuni hiyo ilikuwa dhuluma, hata kama walioiweka walitaka tu kesi ziende haraka.

Walioibomoa dhuluma hii hawakuwa mafundi. Alan Bates, aliyekuwa wakala huko Llandudno, alikataa kulipa upungufu asiouelewa na akaondolewa kazini mwaka 2003. Mei 2009 jarida la Computer Weekly lilichapisha habari za mawakala saba, na mwaka huo huo Bates aliwakusanya wenzake katika ukumbi wa kijiji cha Fenny Compton. Huko ndiko wengi walikofahamu kwa mara ya kwanza kwamba hawakuwa peke yao. Mawakala 555 walifungua kesi pamoja, na Desemba 2019 jaji wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta kwa pamoja hukumu za mamia ya wengine. Toka kompyuta ya kwanza ilipowekwa ilikuwa imepita miaka ishirini na zaidi.

Sasa turudi kwetu. Huku kwetu Afrika Mashariki pia mawakala tunao, wale wa fedha za simu, ambao wamekaa kila kona tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007. Wakala huyo naye hushika fedha isiyo yake, naye jioni hulinganisha sanduku na salio la simu. Tunao makarani wa vyama vya kuweka na kukopa, watunza bohari, na mabinti wanaoketi kwenye mashine ya risiti dukani. Desturi iliyoenea sana ni kwamba kompyuta ikisema fedha imepungua, binti huyo hukatwa mshahara. Ni nani aliyewahi kuangalia kwanza kama umeme ulikatika siku ile saa nane mchana, naye akaingiza mauzo yale yale mara ya pili?

Tumelitaja jambo la umeme makusudi. Kasoro ya Dalmellington ni kioo kilichoganda, na kwetu umeme na mtandao hukatika mara nyingi. Mtumishi asiyefundishwa, umeme ukirudi, huanza upya mauzo aliyokuwa akiyaingiza. Aliyefundishwa hufungua kwanza orodha ya mauzo ya siku na kutazama kama programu ilikwisha kuyaandika. Kumfundisha hilo hakuchukui hata dakika kumi, lakini katika mafunzo mengi tuliyoyaona halitajwi kabisa. Muuzaji wa programu huja siku moja, huonyesha kila kitu kikienda vizuri kwa majina na bidhaa za kubuni, tena mara nyingi kwa Kiingereza, kisha huondoka na hundi yake. Mtumishi hubaki amejua njia ya siku njema tu. Siku mbaya hazikufundishwa.

Sisi twashauri mafunzo yafanywe kwa risiti za jana za duka lenyewe. Mtumishi aziingize, kisha afundishwe kukosea: aingize bei isiyo sahihi, halafu aonyeshwe jinsi ya kurekebisha kwa ingizo la kutengua bila kufuta la kwanza, ili la zamani na jipya yaonekane yote mawili. Kisha azime mashine katikati ya kazi na kuona nini kimebaki. Mwezi wa kwanza daftari la karatasi lisitupwe, liendelee sambamba na programu, na kila jioni viwili hivi vilinganishwe. Ni kazi mara mbili, twakubali, na wenye maduka hulalamika sana juu ya hilo. Hata hivyo mwezi ule ndio pekee ambao daftari laweza kumshuhudia karani mpya.

Kila mtumishi awe na jina lake na neno lake la siri. Twajua duka lina watu watatu na mashine moja, na ni rahisi wote watumie jina la mwenye duka. Lakini watu watatu wakiandika kwa jina moja, siku ya upungufu hakuna awezaye kusema ni nani aliyeandika nini, na mwenye hatia na asiye na hatia watasimama mstari mmoja. Fundi anayetunza programu naye awe na jina lake, na kila anapoingia na kubadilisha kitu, iwe kwa kukaa mezani au kwa kupitia mtandao, aandike katika daftari la mabadiliko: tarehe, saa, alichobadilisha na sababu. Pia asibadilishe programu siku ya kufunga mwezi. Tumewahi kuambiwa kwamba kuandika hivyo ni kumtilia fundi shaka. Kinyume chake, daftari hilo ndilo litakalomtetea.

Ama kuhusu utunzaji wenyewe, kuna jambo moja tunalotaka kulisisitiza, nalo ni nakala za akiba, zile ambazo mafundi huziita bakapu. Karibu kila ofisi itakuambia kwamba inazo. Wachache wamejaribu kuzifungua. Kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia waandishi wa programu kazi zao, ilipatwa na mkasa Januari 31, 2017. Fundi wake, baada ya saa nyingi za kuhangaika usiku na seva iliyozidiwa, alitaka kufuta kumbukumbu kwenye seva ya akiba, akafuta kwenye ile kuu. Alipotanabahi na kusimamisha kazi, kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia nakala za akiba. Walikuwa na njia tano za kuzihifadhi, na wakakuta hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyodhani. Programu mojawapo ilikuwa ikishindwa kila siku kwa kuwa toleo lake halikulingana na la ghala la kumbukumbu, na barua za kuwaonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Walichowaokoa ni nakala ambayo fundi aliichukua saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Kumbukumbu za saa hizo sita zilipotea.

Kampuni hiyo ilifanya jambo la kusifiwa: ilieleza hadharani kila kilichotokea, tena haikumtoa fundi wake kafara. Iliona kwamba mtu mmoja mwenye usingizi hakupaswa kuwa na uwezo wa kupoteza kila kitu. Na ikiwa mafundi waliobobea hivyo walikuwa na bakapu tano zisizofunguka, itakuwaje kwa duka letu ambalo bakapu yake ni diski ndogo iliyochomekwa mwaka mzima kwenye kompyuta ile ile? Mwizi akiichukua kompyuta, amechukua na akiba. Virusi vikiingia, vimeingia kotekote. Nakala moja ikae nje ya jengo, na kila baada ya miezi mitatu ifunguliwe kwenye mashine nyingine, na mhasibu, wala si fundi, aangalie kama salio la siku fulani lapatikana humo kama lilivyokuwa.

Limebaki jambo la malalamiko, na hapa twasema na waajiri hasa. Mtumishi akisema, "Programu hii inanionyesha kitu nisichokifanya," aandikiwe, hata kama mmekwisha kulisikia mara kumi. Apige picha ya kioo kwa simu yake, aandike saa na alichokuwa akikifanya, na karatasi hiyo iwekwe katika faili linaloonekana na watumishi wote, ili mwenzake wa tawi jingine aone kwamba hayuko peke yake. Mwenye duka aliulize kila mwezi faili hilo kama anavyouliza mauzo. Likiwa tupu miezi sita mfululizo, asifurahi haraka, bali awaulize watumishi wake kama wanaogopa kuandika.

Na mshahara usikatwe mpaka ukaguzi ufanyike. Ukaguzi huo asipewe fundi aliyeiweka programu, kwa sababu atakuwa akiihukumu kazi yake mwenyewe. Apewe mhasibu wa nje, naye akae mezani pamoja na mtumishi anayetuhumiwa, wafungue risiti za karatasi za siku ile moja baada ya moja, na mtumishi huyo aruhusiwe kuona kila ingizo lililowekwa kwa jina lake.